Mkwaruzo kwenye ubeti wa tatu

Mwaka 2018 mdogo wangu aliimba ubeti wa tatu wa wimbo wake vizuri kuliko alivyowahi kuuimba, na kompyuta yangu ikauharibu.

Tulianza kurekodi jioni. Alirudia ubeti ule mara sita bila kuridhika. Mara ya saba sauti ikafunguka, akateremka kwenye mstari wa mwisho taratibu, karibu kunong'ona, nami nikiwa nimebana hedifoni masikioni nikajua ndiyo hii. Nikairudisha tuisikilize. Katikati ya neno la mwisho palikuwa na mkwaruzo, "krr", kitu cha kufumba na kufumbua. Nilikuza picha ya wimbi kwenye skrini mpaka nikapaona penyewe: mstari uliokuwa ukipanda na kushuka kama vilima ulikatika, ukalala bapa, halafu ukaendelea mbele kana kwamba hakuna kilichotokea. Pengo kama hilo halina dawa. Huwezi kusafisha sauti ambayo haikuandikwa.

"Kaka, nirudie?" akaniuliza.

Alirudia mara nne zaidi. Ile ya saba haikurudi.

Usiku ule sikulala vizuri. Laptopu niliyokuwa nikitumia ilikuwa ya kazi za kawaida, na kwa miezi mingi nilikuwa nikiisukuma kwa hila: nafunga programu zote, nageuza traki (kila sauti iliyorekodiwa peke yake) kuwa sauti tupu ili plagini, zile programu ndogo za kurekebisha sauti, zipumzike, nazima hiki na kile. Tatizo nililijua. Kompyuta haipokei sauti kama mkondo wa maji, inaichota kwa ndoo. Sauti ya kawaida ya muziki hukatwa vipande 44,100 kila sekunde, na vipande hivyo hukusanywa kwenye bafa, ambayo ndiyo ndoo yenyewe. Ukiweka bafa ya vipande 64, ndoo hujaa kila baada ya milisekunde moja na nusu hivi, na prosesa, ubongo wa kompyuta, lazima iwe imeshamaliza kazi ya ndoo iliyotangulia. Ikichelewa hata mara moja tu, kilichofuata kinamwagika chini. Huo ndio mkwaruzo.

Basi weka ndoo kubwa, mtu atasema. Niliweka. Kwa bafa ya vipande 1,024, ndoo huchukua milisekunde 23 kujaa. Sauti inaingia kwa ndoo na kutoka kwa ndoo, kwa hiyo mdogo wangu alikuwa akijisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa zaidi ya milisekunde 46. Hewani sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Piga hesabu, ni sawa na kumfuata mwenzako anayeimba mita 16 kutoka ulipo. Hakuna mwimbaji anayekaa kwenye mdundo kwa namna hiyo. Nikipunguza bafa, mikwaruzo. Nikiiongeza, anapoteza mdundo. Jioni ile nilikuwa nimeipunguza kwa ajili yake, na gharama yake ikawa ubeti wa tatu.

Asubuhi nikaamua: nitaunda kompyuta ya mezani, ya kazi hii tu.

Fedha zilikuwa chache, na nilichojifunza mapema ni kwamba nafuu yangu ingetoka kwenye vile nisivyovihitaji. Kadi ya picha, kwa mfano, ambayo kwenye kompyuta ya mtu wa magemu hula fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote, programu ya kurekodi haina shughuli nayo. Taa za rangi na kioo ubavuni, havina kazi. Kwa wiki nzima nilizizungukia pia zile kompyuta za ofisi zilizokwisha tumika, zenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 4 na kori zake nne, yaani bongo nne ndani ya prosesa moja. Mpaka leo, mwenye mfuko mwepesi kuliko niliokuwa nao ningemwambia aanze na hiyo, aongeze RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), aweke SSD (diski ya kasi), arekodi. Mimi nilichagua kununua vipya kwa sababu nilitaka mazabodi, ubao mkuu unaobeba vyote, ambayo ningeweza kubadilishia prosesa baadaye bila kuanza upya.

Nikachukua prosesa ya Ryzen 5 2400G, iliyokuwa imetoka Februari mwaka uleule. Ina kori nne na nyuzi nane, yaani kila kori hushika kazi mbili kwa pamoja, sehemu ya picha imo ndani yake, na feni yake inakuja kwenye boksi. Kasi ya kila kori niliijali kuliko wingi wa kori, kwa kuwa traki moja yenye plagini tano zilizopangwa foleni haiwezi kugawanywa ovyo. Ya pili inasubiri ya kwanza imalize. RAM ilikuwa ghali mno mwaka ule, nikaishia kwenye GB 8, lakini nilihakikisha ni vijiti viwili vya GB 4 na si kimoja cha 8, maana vikienda jozi hupitisha data kwa upana maradufu, na picha ya prosesa ile inakula kwenye RAM hiyohiyo. SSD ndogo ya mfumo na kazi zinazoendelea, diski ya zamani ya kutunzia zilizokwisha. Kasha la bati zito, lisilo na urembo wowote. Mahali pekee nilipokataa kabisa kubana fedha ni pawa saplai. Kifaa hicho ndicho kinacholisha vingine vyote, na kibovu kikifa kinaweza kuondoka na wenzake.

Siku ya kuunganisha, mdogo wangu alishika tochi ya simu, mimi bisibisi. Kipande kimoja nakikumbuka kama nilikishika jana. Prosesa ile ina pini 1,331 tumboni, zimesimama kama nywele za brashi, na ukipinda moja umeingia hasara. Kwenye kona moja kuna pembetatu ndogo ya dhahabu, na kwenye soketi ya mazabodi kuna pembetatu mwenzake. Unanyanyua mkono wa chuma wa soketi, unazikutanisha pembetatu hizo mbili, halafu unaachia. Prosesa inajizamisha yenyewe kwa uzito wake. Ukiona inabidi uikandamize, toa mkono haraka, umekosea upande. Nilivyoiachia haikutoa sauti yoyote. Ilishuka tu ikatulia, na mdogo wangu, ambaye alikuwa amebana pumzi muda wote, akashusha tochi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tulipowasha mara ya kwanza feni zilizunguka na skrini ikabaki nyeusi, kumbe waya wa umeme wa prosesa, ule unaochomekwa juu kabisa kwenye kona ya mazabodi, nilikuwa nimeupitisha nyuma ya bati nikausahau. Nikauchomeka, skrini ikawaka. Nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikapunguza sehemu ya RAM iliyotengewa picha, nikaweka mfumo, nikaweka Reaper, programu ya kurekodi ambayo unaruhusiwa kuijaribu kwa siku 60 ikiwa na uwezo wake wote. Nikachomeka kadi yangu ya sauti ya USB na maiki ileile. Nikafungua wimbo wetu, plagini zote zikiwa hai, bafa ya vipande 128. Kipimo cha prosesa kikasoma asilimia 18.

Nikabonyeza kucheza. Dakika moja ikapita, safi. Kisha: krr.

Sikusema kitu. Mdogo wangu naye hakusema kitu, na ukimya wake ndio ulioniuma, kwa sababu alikuwa ameshanisikia nikimwahidi kwamba mikwaruzo imekwisha. Nilicheza tena. Mkwaruzo ulirudi, si mahali palepale, lakini ulirudi. Nikaanza kuishuku RAM, nikaishuku pawa saplai, nikaishuku akili yangu kwa kutumia fedha zile. Nilibadilisha tundu la USB mara tatu. Nikapandisha bafa kutoka 128 hadi 256; mikwaruzo ikapungua bila kukoma. Prosesa ilikuwa karibu haina kazi, na bado ilichelewa. Nilikaa na jambo hilo mpaka nikalielewa: suala halikuwa nguvu. Kuna kitu kilikuwa kinaishika mkono.

Kuna programu iitwayo LatencyMon ambayo inafanya kazi moja tu, kutazama ni draiva ipi, yaani programu ya kuendesha kifaa, inayoikatiza prosesa na kuing'ang'ania kwa muda gani. Niliiwasha nikaiacha. Kwa dakika kadhaa mistari ilikuwa ya kijani. Kisha mmoja ukaruka ukawa mwekundu, na hapohapo spika zikakwaruza. Jina lililoandikwa juu lilikuwa la draiva ya mtandao. Ni ile kadi ndogo ya waifai niliyoichomeka mwishoni, ya bei ya chini, ambayo sikuifikiria hata kidogo kama sehemu ya muziki. Kila baada ya muda ilikuwa inachungulia mitandao iliyopo jirani, na ikifanya hivyo inaikamata prosesa kwa milisekunde kadhaa. Ndoo ya vipande 128 hujaa kwa milisekunde 2.9. Hapo hata prosesa yenye kori kumi na sita ingemwaga.

Niliizima kadi ile kwenye mipangilio. Nikabadilisha pia mpango wa umeme ili prosesa isiwe inasinzia na kuamka kila isipokuwa na kazi. Nikarudisha bafa 128, nikacheza wimbo mzima, nikaucheza tena, nikauacha ukijirudia huku nikienda kunawa uso. Niliporudi ulikuwa bado unacheza na mstari wa LatencyMon ulikuwa wa kijani.

Mdogo wangu akataka kuimba palepale. Nikamwomba anisubiri nirekodi kitu kimoja kwanza: ukimya. Mtu asirekodi sauti ya mtu kabla hajarekodi chumba kitupu. Nikachukua sekunde thelathini bila yeyote kusema, nikazipandisha sauti mpaka mwisho, na humo ndani nikasikia feni ya kompyuta mpya ikivuma, mvumo mwembamba usiousikia kwa sikio tupu lakini maiki inausikia. Kwenye sauti moja ya mwimbaji, hauonekani. Ukipanga sauti nane, moja juu ya nyingine, zinakuwa feni nane. Nikarudi kwenye BIOS nikaagiza feni izunguke polepole mpaka joto lifike juu kidogo, maana kurekodi hakuichoshi prosesa. Kisha nikatumia nyaya ndefu nikalisogeza kasha kutoka mita moja hadi zaidi ya mbili, nyuma ya meza, likitazama upande mwingine. Ukiuzidisha umbali mara mbili, pasipo kuta za kurudisha sauti, unapunguza kama desibeli 6. Chumbani hupati zote, lakini unazipata za kutosha. Nilirekodi ukimya mara ya pili. Safari hii nilisikia nguo ya mdogo wangu ikisuguana alipobadilisha mguu.

"Sasa," nikamwambia.

Akavaa hedifoni. Aliposema "moja, mbili" kupima maiki, akasita, akanigeukia. "Najisikia hapahapa," akasema, akigusa shavu karibu na mdomo. Nilielewa alichomaanisha. Kwa miezi yote ile alikuwa akiimba na mtu wa mbali aliyemfuata nyuma, na sasa mtu yule alikuwa yeye mwenyewe.

Hakuuimba ubeti wa tatu kama ile mara ya saba. Aliuimba kwa namna nyingine, mstari wa mwisho akaupandisha badala ya kuunong'ona, na mimi sikumwingilia. Alipomaliza nilikuza picha ya wimbi kwenye neno la mwisho, nikalifuata kilima kwa kilima mpaka lilipoisha. Halikukatika popote.

"Hifadhi, kaka," akasema. Nikahifadhi. "Sasa fungua traki nyingine, niweke sauti ya pili chini yake."

Nikafungua. Kisha ya tatu, na ya nne. Kulipokaribia kucha tulikuwa na traki kumi na moja za sauti yake peke yake, na bafa ilikuwa bado kwenye 128.