Ndoo ya prepo

Mwanangu kamaliza kidato cha sita, na sasa nyumba nzima ni habari za vyuo, mchana na usiku. Juzi kakaa sebuleni na simu yake anapitia kozi za Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mara kanyanyua kichwa: "Mama, hivi kweli mtu anakwenda chuo kikuu kusomea kuigiza?" Baba yake akacheka. Mimi nikaenda jikoni kuangalia mboga ambayo nilikuwa nimeshaipua.

Watu wa sanaa wa Mlimani walikuja shuleni kwetu Dodoma mwishoni mwa miaka ya 90, nikiwa kidato cha tatu. Mradi wao wengi wenu mnaujua: Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili wasichana wa sekondari wayataje kwa njia ya sanaa yale yanayowakwamisha shuleni. Watu wa idara yao hawakuwa wageni wa vumbi la mikoani. Mwanzoni mwa miaka ya 80 walishafika mpaka Malya, huko Mwanza, wakakaa na wanakijiji na kutengeneza nao maigizo juu ya shida zao wenyewe. Hayo nimeyajua ukubwani. Siku ile sisi tuliona akina mama wawili wa vitenge na kijana mmoja mwenye rasta, ambaye matroni alimtazama toka geti mpaka ofisini bila kupepesa.

Tulidhani watatugawia karatasi tukariri. Wapi! Walitukalisha chini ya mti kwa makundi, wakauliza: nini kinakukosesha raha ya kusoma hapa? Siku ya kwanza tukataja maharage yenye wadudu na vyoo. Siku ya pili mmoja wa wale mama akamwomba matroni, kwa adabu zote, atuache wenyewe. Ndipo yakatoka ya maji.

Si kwamba maji yalikosekana, ingawa Dodoma nayo mnaijua. Kulikuwa na mwalimu mmoja ambaye saa ya prepo, ile ya kujisomea usiku, aliagiza apelekewe ndoo nyumbani. Hakusema "leteni maji." Alitaja jina. Msichana mmoja, ndoo moja, giza limeshaingia. Bweni zima tulijua ni majina gani yanaitwa na yapi hayaitwi. Rafiki yangu wa dabo deka, aliyelala kitanda cha juu yangu, lake liliitwa.

Basi igizo likawa la ndoo. Hakuna aliyeandika kitu. Tulijaribu, tukakosea, tukajaribu tena. Kijana wa rasta akauliza ngoma za hapa ni zipi, na wenzetu Wagogo wakasema muheme, ngoma inayopigwa na wanawake. Tukaazima ngoma kijijini. Wale mama wa kijijini wakatucheka mpaka wakashika viuno, maana unaibana ngoma mapajani, na sisi tulikuwa tunahangaika na sketi za shule. Mimi ambaye si Mgogo nikaangukia kwenye kupiga, kwa sababu kuigiza niliogopa.

Jioni ya kuonyesha, bwalo lilijaa. Walimu viti vya mbele, mkuu wa shule katikati, na yule mwalimu wa ndoo pembeni kidogo, mguu juu ya mguu. Kwenye mazoezi rafiki yangu alikuwa anaingia na ndoo tupu kichwani, anazunguka mara mbili, anaitua katikati ya uwanja na kuanza kuimba. Jioni ile nilimwona toka mlangoni kwamba shingo imekaza. Ndoo ilikuwa imejaa. Maji yalikuwa yanachezacheza ukingoni, tone moja likamshukia kwenye nyusi na hakulifuta. Akazunguka mara moja tu. Halafu akaacha uwanja, akatembea taratibu mpaka kwenye viti vya mbele, akapiga goti kama tunavyowasalimia wakubwa, akaitua ndoo miguuni pa yule mwalimu. Maji yakamwagika kidogo kwenye kiatu chake. Hakuimba. Alibaki pale, ameinama. Mimi mikono yangu iliendelea kupiga yenyewe, sijui kwa nini haikusimama. Bwalo zima lilikuwa kimya na kelele pekee ilikuwa yangu.

Mwalimu akashusha mguu. Akatabasamu. Akapiga makofi.

Alipiga peke yake kwa muda, kisha walimu wawili watatu wakamfuata. Mkuu wa shule hakupiga. Mama mmoja wa Mlimani akasimama, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mmeona nini?" Katoto ka kidato cha kwanza huko nyuma kakajibu, "Ndoo." Watu wakacheka. Akauliza tena, "Ya nani?" Hapo hakucheka mtu, na mjadala ukaenda mpaka kengele ya kulala ikapigwa na hakuna aliyeifuata.

Wiki iliyofuata ilitangazwa paredi kwamba hakuna mwanafunzi kuchota maji ya mwalimu bila kibali cha mkuu wa shule. Mwisho wa mwaka yule bwana akahamishwa. Wengine walisema kapandishwa cheo. Klabu ya Tuseme ikabaki shuleni. Lakini gari la wageni lilikuwa limeondoka asubuhi ya pili tu, na sisi tukarudi darasani kwake kipindi cha tatu, tukafungua madaftari. Hicho kipindi cha tatu sijawahi kukisikia kikitajwa kwenye sifa za sanaa na jamii. Wenyewe wa chuo wangefanyaje, wahamie? Sijui. Ila najua kwamba usiku ule ule wa igizo rafiki yangu alilala mpaka asubuhi, jambo ambalo juu ya kitanda changu halikuwa la kawaida.

Jana nikampigia. Siku hizi ni makamu mkuu wa shule mkoa mwingine, na wana klabu ya Tuseme. Akaniambia muhula huu wasichana wake wametunga igizo kuhusu kiongozi mmoja wa shule asiyesikiliza watu, mwenye miwani na mkoba mwekundu.

"Si wewe huyo?"

"Ni mimi."

"Sasa ukafanyaje?"

"Shoga yangu," akasema, "nilijikuta napiga makofi."