Ufunguo wa Mwalimu wa Zamu

Ufunguo wa choo cha wasichana shuleni kwetu ulifungwa kwa waya kwenye kipande cha mguu wa dawati. Nia ilikuwa usipotee. Ukishaupokea kwa mwalimu wa zamu hukuwa na mfuko wa kuuficha. Ulivuka uwanja wa paredi umeubeba mkononi, na madarasa yote yanayotazama uwanja, ambayo madirisha yake hayakuwa na vioo, yakakusindikiza kwa macho hadi mlangoni. Wavulana wa darasa la saba walikuwa na mluzi wao maalumu wa kazi hiyo.

Mwaka ni 2005, shule ya msingi ya serikali upande wa Kisauni, Mombasa, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Jina sitalitaja. Waliosoma pale wanaijua.

Kufuli lile halikuletwa na roho mbaya, na hili nalisema mapema kwa sababu nimewahi kulisimulia jambo hili watu wakataka nimlaani mtu. Januari 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi, na kufumba na kufumbua madarasa yetu yakafurika. Waliokuwa wakiuza mabuyu na barafu mtaani walikuja, wengine wakubwa kuliko viranja. Madawati yaliongezwa kidogo. Vyoo havikuongezwa kabisa. Wasichana tulikuwa na matundu sita, mawili yamejaa, moja likiwa la walimu wa kike. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 25. Sisi hata tungejipanga foleni tangu alfajiri tusingeufikia.

Halafu kuna maji. Maji ya Kisauni hutoka Baricho, mbali huko Kilifi kando ya Mto Sabaki, na bomba likipasuka popote njiani, mfereji wa shule ulitoa upepo. Ndipo mkokoteni ulipoitwa na mitungi yake ya lita ishirini, na mwalimu mkuu akalipa huku akihesabu mtungi mmoja mmoja kwa kidole. Usiku watu wa mtaani waliruka ukuta wakatumia vyoo vyetu. Mchana wanafunzi walijificha humo kukwepa hesabu. Basi likaja kufuli, na pamoja nalo sheria: choo hufunguliwa wakati wa mapumziko na chakula cha mchana. Nje ya hapo, uende kwa mwalimu wa zamu uandike kwenye kitabu jina, darasa, saa na sababu.

Ukikifungua kitabu kile ungedhani wasichana wote wa Kisauni wana ugonjwa mmoja. Haja ndogo, haja ndogo, tumbo, haja ndogo.

Mimi nilianza kuingia mwezini nikiwa darasa la saba. Mama aliniita chumbani, akanipa vitambaa alivyovikata kwenye leso yake kuukuu, akanionyesha namna ya kukunja, kufua, na kuanika ndani nyuma ya pazia, mahali ambapo jua halifiki. Leo najua jua ndilo lililotakiwa, lakini nani angeanika vile kwenye kamba ya uani nyumba ya wapangaji wengi? Pedi za dukani tulinunua mwezi biashara yake ya nyanya na vitunguu pale Kongowea ikienda vizuri. Serikali ilikuwa imeshaondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2004. Kwa mwenye duka wetu wa Bakarani habari hizo zilikuwa hazijafika.

Siku ninayoisimulia pedi nilikuwa nayo. Nataka hili likumbukwe. Ilikuwa kwenye mkoba, imefungwa ndani ya karatasi ya daftari, na mkoba ulikuwa hatua chache tu kutoka nilipoketi, mbele chini ya ubao, pamoja na mikoba ya wenzangu wote. Ilikuwa moko, mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, darasa la nane, karatasi ya hesabu: maswali hamsini, saa mbili.

Nilihisi mapema, labda swali la kumi na kitu. Marinda yetu yalikuwa ya samawati hafifu, rangi isiyositiri hata tone la chai. Niliinua mkono. Msimamizi alikuwa kijana, mgeni, ameletwa kutoka shule nyingine kwa ajili ya mtihani.

"Unataka nini?"

"Choo, mwalimu."

"Sababu?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa, na nadhani alikwisha elezwa kuhusu kitabu na safu zake. Lakini aliuliza akiwa mbele ya darasa nami niko nyuma, na vichwa vya wavulana vikainuka kutoka kwenye karatasi. Nilisema si kitu.

"Mmetoka paredi sasa hivi. Vumilia kidogo."

Nikavumilia, kama kuna kuvumilia katika jambo lile. Mkojo utaubana, haja kubwa utaibana mpaka machozi yakutoke. Hedhi haina pa kubanwa. Yule kijana hakulijua hilo, na sina hakika kama kuna mtu aliyewahi kumfundisha. Mwalimu wetu wa sayansi alipofika kwenye ukurasa wa kubalehe alituambia tujisomee nyumbani.

Nilikaa upande mmoja, nikabana miguu, nikasoma swali lile lile mara nyingi bila kulielewa. Nalikumbuka hadi leo: tangi la maji linajazwa na mfereji mmoja kwa saa kadhaa na mwingine kwa saa kadhaa, je, ikifunguliwa yote miwili pamoja? Katika shule ile, mtahini angetuuliza bei ya mkokoteni tungejibu bila kalamu.

Karatasi zilipokusanywa wote walitoka isipokuwa mimi. Somo yangu alifika mlangoni, akageuka. Tulikuwa na jina moja, yeye wa Mtopanga mimi wa Bakarani, yeye Mwislamu mimi mtoto wa kanisa, na tangu darasa la tatu hatukuitana kwa majina bali "somo" tu.

"Mbona hujainuka?"

"Nimechafuka."

Hakusema pole wala hakushika mdomo. Alikwenda kwenye mkoba wake akatoa buibui. Alilibeba kila siku kwa sababu akitoka shule hupitia madrasa. Bara, nimesikia baadaye, msichana hufunga sweta kiunoni. Mombasa ile ya joto nani ana sweta? "Vaa hili kwanza, ndipo uinuke," akaniambia, kisha akalifuta benchi kwa karatasi alizozilowesha mate, jambo ambalo sijui ningemfanyia nani mwingine wala nani mwingine angenifanyia.

Buibui lilikuwa refu kwangu, nikawa nalikusanya mbele kama bibi harusi asiyejua njia. Mwalimu wa zamu wiki ile alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, dipiti tulivyomwita, ameketi barazani na walimu wawili.

"He! Leo umesilimu bila kutualika?"

Wakacheka wote watatu. Kwa kweli ilichekesha. Siku nyingine ningecheka nami.

"Ameazima, mwalimu," somo akajibu. "Tunaomba ufunguo."

"Andikeni."

Nikashika kalamu, nikaandika jina, darasa, saa, nikakwama. Somo akaichukua kalamu mkononi mwangu akaandika kwa hati yake nzuri ya kulala: *Hedhi*. Kwake halikuwa jambo. Madrasani walifundishwa twahara, yaani usafi wa ibada, waziwazi, siku ngapi, lini usiswali, lini ukoge, na maalim alikuwa mwanamume mwenye ndevu za kijivu. Mimi ndiye niliyekulia mahali ambapo jambo lile halikuwa na jina la kutamkwa mchana.

Dipiti alikisoma kitabu. Alikifunga, akatazama kwenye mwembe, akasukuma ufunguo kwetu bila neno.

Ndani hakukuwa na maji. Somo alikimbia kwa mama muuza viazi karai langoni akarudi na nusu jagi. Hakukuwa na pipa la kutupia pia. Kila mtu alitupa shimoni, na hapo ndipo palipoanzia sehemu ya ile habari ya mashimo kujaa, ingawa katika vikao vyote vya wazazi kuhusu vyoo sikusikia yeyote akilisema. Karatasi ya Kiingereza niliifanya nikiwa ndani ya buibui.

Mama alikuja siku iliyofuata, kabla ya kwenda sokoni, na leso zake mbili na kikapu. Mimi nilitaka asije. Aliamkia vizuri, akakaribishwa kiti, akakataa kuketi.

"Mwalimu, mimi sikuja kugombana. Nataka kujua, huo ufunguo kwa nini unakaa na wanaume?"

Dipiti akaeleza habari ya maji, ya wanaojificha, ya watu wa nje. Mama akaitikia kila moja. Kisha dipiti akasema, sauti imeshuka, kwamba pamoja na hayo mambo yale si ya kuandikwa kwenye kitabu cha shule.

"Si nyinyi ndio mliouliza sababu?"

Kimya.

"Basi iondoeni hiyo safu. Na ufunguo apewe mwalimu wa kike."

Safu haikuondolewa, ila watu waliacha kuijaza na hakuna aliyewadai. Ufunguo ulihamia kwenye pochi ya madamu wa darasa la nne. Siku ambazo madamu hakuja kazini, pochi nayo haikuja, na siku hizo tulikuwa na hali mbaya kuliko kwanza. Mpango wa mama haukuwa kamili. Lakini ulikuwa mpango.

Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya Msingi: kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma apewe pedi za kutosha bila malipo, na pawe na njia salama ya kuzitupa. Nilifurahi, hasa kwa hilo la kutupa. Ila kila mjadala nilioufuata tangu hapo umekuwa wa katoni: ngapi zimefika, ngapi zimepotelea njiani. Kufuli halina wa kulitaja. Februari 2023 seneta Gloria Orwoba aliingia bungeni na suruali nyeupe yenye doa jekundu, akatakiwa atoke akabadilishe. Nilimtazama kwenye habari nikawaza, huyu ametolewa nje kwa kitu kile kile ambacho mimi nilizuiwa kutoka.

Novemba ile ya 2005 ulipofika mtihani wenyewe wa taifa, shule ilipokea wageni: askari mwenye bunduki, wasimamizi, karatasi ndani ya bahasha zilizofungwa. Mkokoteni wa maji ulikuja asubuhi kabla ya kengele. Vyoo vilipigwa deki na milango yote, ya wasichana na ya wavulana, ilikaa wazi siku zote za mtihani, maana dipiti asingeweza kumwambia askari aandike sababu.

Hesabu ya moko nilikuwa nimepata 54. Ya Novemba nikapata 71. Mama alikwenda nayo hadi Kongowea akawaambia wenzake wa genge kwamba ni yeye aliyezileta zile alama kumi na saba, siku aliyokwenda kwa dipiti. Mimi nashikilia kuwa nilisoma. Tunabishana hadi leo.