Nyota iliyozima dinamo

Oktoba 2008 nilikuwa Pune, India, nikisoma shahada ya pili ya fizikia. Watanzania na Wakenya tulikuwa wengi mjini, ila wengi wao walifuata biashara na kompyuta. Nilipowaambia naenda kulala kijijini Khodad kuitazama nyota isiyoonekana kwa macho, mmoja aliniuliza kama ada nalipiwa na baba yangu au na adui yangu.

Khodad iko karibu na Narayangaon, yapata kilomita 80 kaskazini mwa Pune, katikati ya mashamba ya zabibu na nyanya. Darubini ya redio ya pale, GMRT, ina madishi 30, kila moja lina upana wa mita 45. Kwa mbali yanatisha. Ukisogea unaona mbingu kupitia kwayo, maana Govind Swarup na wenzake waliyatengeneza kwa wavu wa nyaya nyembamba ili upepo upite na gharama ishuke. Getini tulizima simu: mawimbi ya simu moja ya mfukoni yangezimeza kabisa nyota zote tulizokuja kuzisikiliza.

Nyota yetu usiku ule ilikuwa pulsa iitwayo B2319+60. Pulsa ni kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka; uzito unaozidi ule wa jua umebanwa kwenye tufe la upana wa kilomita 20 hivi, linazunguka, na kila mwale wake wa redio unapopita kwetu tunapata mpigo mmoja. Nyingi zina haraka. Pulsa iitwayo Vela hupiga mara 11 kwa sekunde. Yetu ilikuwa na subira, mpigo mmoja kila sekunde 2.26, hata mtoto angeweza kuihesabu kwa vidole.

Mipigo ikawa inachomoza kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, juu ya kelele za kawaida. Kisha ikakoma. Ilibaki kelele tupu. Nilimtazama opereta, alikuwa anamenya karanga, akipanga maganda pembeni ya kibodi, wala hakuinua kichwa. Nikaendelea kuhesabu kimoyomoyo kwa mwendo uleule. Nilishaanza kukata tamaa mpigo uliporudi, tena pale pale ulipotakiwa kuwa. Haukuwahi, haukuchelewa. Tufe lilikuwa linazunguka muda wote ule, ila halikusema kitu.

Mwalimu wangu, ambaye sote tulimwita "Sir" kama ilivyo desturi kule, alivuta kiti. Akaniambia tabia hiyo ilielezwa na mwanaastronomia Donald Backer mwaka 1970, na kwamba nyota hii hunyamaza karibu asilimia 30 ya muda.

"Sasa niambie," akasema, "mwale umepinda ukatukosa, au mtambo wenyewe umezima?"

Nikasema sioni namna ya kujua tukiwa tumekaa hapa duniani.

"Ulikuwa na baiskeli nyumbani?"

Nilikuwa nayo, Phoenix ya babu, yenye dinamo inayosugua tairi la nyuma. Basi akanikumbusha nilichokijua kwa miguu yangu: taa ikiwaka pedali zinakuwa nzito, ukiibandua dinamo giza linaingia lakini baiskeli inateleza. Mwaka 2006 Michael Kramer na wenzake wa kituo cha darubini za redio cha Jodrell Bank, Uingereza, walichapisha habari za pulsa B1931+24, ambayo hupiga siku 5 hadi 10, kisha hunyamaza siku 25 hadi 35. Kimya kirefu namna hiyo kinakupa nafasi ya kupima mzunguko. Walikuta kwamba inapopiga, hupunguza mwendo kwa kasi kubwa zaidi kwa asilimia 50 kuliko inaponyamaza.

Nilikaa kimya. Juu ya ncha za sumaku za nyota hizi umeme mkali hurusha chembe. Chembe hutoa miale ya gama, miale hugeuka jozi za elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), na jozi zinazaa jozi nyingine. Mkondo huo ndio chanzo cha redio, na huohuo ndio unaoivuta nyota ipunguze mwendo. Ukikatika, redio inakwenda na sehemu ya breki inalegea. (Wanaozisifu pulsa kuwa ni saa zisizo na dosari, muwaonyeshe hiyo.)

"Na nani anayebandua dinamo?" nikauliza.

Akacheka. Wengi, alisema, wanadhani angasumaku ya nyota, yaani eneo la sumaku linaloizunguka, ina hali zaidi ya moja ya kutulia na huruka kutoka moja hadi nyingine, lakini kinachoirusha hawakubaliani. "Andika tasnifu, utuambie."

Alfajiri zamu yetu iliisha, madishi yakageuzwa kwa watu wengine, nami nikarudi Pune na diski ngumu mfukoni. Tasnifu haikumjibu. Nilirudi nyumbani kufundisha sekondari.

Mwaka 2014 nikasoma makala ya Vishal Gajjar na wenzake. Walikuwa wameitazama B2319+60 kwa masafa manne ya redio, kuanzia megahezi 313 hadi 4850, kwa kutumia GMRT na darubini za Westerbork na Effelsberg za Ulaya. Ilizima na kuwaka kwenye masafa yote kwa pamoja, jambo ambalo mwale uliopinda usingeweza kulieleza kirahisi. Nikamwandikia Sir usiku uleule kwamba, kwa nyota yetu pia, mtambo ndio uliozima. Alijibu kwa mstari mmoja, akiuliza kama ile diski ngumu bado ninayo.