Daftari la alama lilivyonipa jezi ya Rwanda

Karibu kila niliyemuuliza namna ya kuichezea timu ya taifa ya kriketi ya Rwanda alinijibu vilevile: tafuta uraia wa Rwanda kwanza, au oa huko. Ushauri huo ulinipotezea karibu mwaka mzima. Kanuni za Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, zinamkubali aliyezaliwa katika nchi, mwenye uraia wake, au aliyeishi humo miaka 3 mfululizo. Pasipoti yangu ni ya Kenya hadi leo. Anayeona ajabu namtajia Imran Tahir, mzaliwa wa Lahore aliyeichezea Afrika Kusini.

Nilifika Kigali Januari 2018 kwa kazi ya uhasibu. Kurusha mpira wa kuzunguka nilijifunza utotoni Nairobi, baada ya Collins Obuya wa Kenya kuwang'oa Sri Lanka wiketi 5, yaani kuwatoa wapigaji watano, kwa mikimbio 24 tu katika uwanja wa Gymkhana mwaka 2003. Mtaani kwetu kila mtoto alikuwa anapinda kiganja. Kenya sikuwahi kuichezea, kwa hiyo upande huo hakukuwa na kizuizi, na uwanja wa kriketi wa Gahanga, Kigali, ulinipenda tangu siku ya kwanza.

Kilichonitoa jasho ni kuthibitisha siku zangu za kuishi Rwanda. Mwaka 2021 nilipotakiwa kuleta ushahidi, nilitoa pasipoti kwa kujiamini. Haikuwa na muhuri hata mmoja! Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, nami kila Desemba kabla ya korona nilikwenda nyumbani hivyo kwa basi. Hata mpaka wa Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulipofungwa Februari 2019 tulizungukia ule wa Kagitumba. Kile kikaratasi wanachokupa mpakani nilikuwa nakitupa nikishafika. Usikitupe chako.

Nikapeleka barua ya mwenye nyumba. Haikuwa na tarehe. Nikapeleka ya kazini, ikasema tu kwamba mimi ni mwajiriwa. Aliyekuwa na faili langu akaniambia kwamba kwa karatasi zile ningeweza kuwa naishi Nairobi muda wote. Niliumia, maana miaka yote hiyo hakuna Jumamosi ya mechi niliyokosa.

Jumamosi! Usiku ule ndipo nikamkumbuka mzee anayetuandikia alama klabuni. Asubuhi nilikuwa mlangoni kwake.

"Shikamoo, mzee. Naomba madaftari yako yote tangu 2018."

"Marahaba. Yote? Unataka kuyafanyia nini, mwanangu?"

Nilipomweleza hakuongeza neno, aliingia chumbani akatoka na madaftari matatu, kila mechi na tarehe yake, kila ova, yaani zamu ya mipira sita, na jina la aliyeirusha. Tulikaa sakafuni hadi saa nane mchana, yeye akifungua, mimi nikipiga picha. Hata ile ova niliyopigwa mikimbio 22 ilinifaa, kwa sababu ilionyesha nilikuwa Kigali siku hiyo. Miezi ya korona ya 2020, ambayo hatukucheza, niliijaza kwa jumbe za MoMo, malipo ya simu: kodi ya nyumba, umeme, maziwa. Kuchapisha kulinila kama elfu ishirini za Rwanda, labda na zaidi. Barua ya mwenye nyumba niliirudisha ikaandikwa upya, na tarehe ya kuingia.

Faili likapita.

Siku niliyovaa jezi, mwandishi rasmi wa alama alikuwa mwingine. Mzee wetu alikaa jukwaani na daftari lake mapajani, na nilipokabidhiwa mpira nikamwona ameinama anaandika.