Wavu mweusi mbele ya magugumaji

Mwezi uliopita kwaya moja ya hapa Mwanza iliniletea kazi ambayo, nakiri, niliipokea kwa wepesi nisiostahili kuwa nao. Walikuwa wamerekodi wimbo wa Petro aliyevua usiku kucha asipate kitu, na katika kipande kimoja cha sekunde 6 mwimbaji amesimama majini hadi magotini, ufukweni Igombe, akiinua wavu mweusi wa dagaa unaochuruzika maji. Nyuma yake, upande wa chini wa picha, ziwa limefunikwa na magugumaji. Mwenyekiti wa kwaya akanipigia simu: "Mwanangu, Petro hakuvua kwenye shamba la mchicha. Hebu tuondolee hayo majani."

Sekunde 6 kwa fremu 25 kila sekunde, yaani picha moja moja zinazounda video, ni fremu 150, na katika kila moja ilinibidi nimtoe mwimbaji na wavu wake kwenye ziwa lile ili niweke nyuma nyingine. Mwili wa mwimbaji haukunisumbua, kwa sababu kufuatisha umbo la mtu fremu kwa fremu ni ufundi wa zamani, ambao mtengenezaji wa katuni Max Fleischer aliuombea hataza nchini Marekani mwaka 1915 na kuipata mwaka 1917. Unatengeneza maski, yaani umbo linaloonyesha kipi kibaki na kipi kitolewe, ya kiwiliwili, nyingine ya mkono wa juu, nyingine ya kiganja, kila moja ikifuata mwendo wa kiungo chake. Jioni mbili zilitosha.

Wavu ndio ulioninyima usingizi, kwa kuwa hauna mpaka wa kuchora. Nilipoikuza picha mara nne niliona kwamba uzi mmoja una upana wa pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, au pungufu, wala si mweusi kama jicho linavyodhani: juu, penye maji yanayong'aa, ni wa kijivu; chini, penye magugu, ni wa kijani kilichoiva. Kila pikseli ya uzi ina fungu la wavu na fungu la ziwa, na kwa kuwa kamera ilikaa wazi kwa 1/50 ya sekunde katika kila fremu, nyuzi zilizotikisika zimesambaa zaidi. Kumbe hapo hukati kitu, unakadiria mafungu. Fungu la wavu ndilo tunaloliita alfa, kuanzia 0 hadi 1, na hesabu yake ya kuunganisha picha iliwekwa bayana na wataalamu wa picha za kompyuta Thomas Porter na Tom Duff mwaka 1984: alfa mara rangi ya mbele, jumlisha kilichobaki mara rangi ya nyuma. Ugumu ni kwamba pikseli inakupa namba 3 tu, nyekundu, kijani na bluu, ilhali wewe unatafuta 7: alfa, rangi 3 za mbele na rangi 3 za nyuma.

Nilijaribu kwanza chombo cha kufuta kijani, kinachoondoa kila chenye rangi hiyo, nikidhani magugu yatanifaa kama kitambaa cha kijani kinachotundikwa nyuma ya mtu studioni. Nyuzi zilimezwa. Kamera iliyotumika huhifadhi mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi huhifadhi moja kwa pikseli 4, kwa hiyo uzi mwembamba hauna rangi yake mwenyewe.

Bahati yangu ilikuwa kamera kuwekwa kwenye stendi na kusahauliwa ikiwaka wakati mwimbaji ametoka majini kufunga upya mkanda wa kanzu, hivyo nikapata sekunde 40 za ziwa tupu. Nilichukua wastani wa fremu hizo, mawimbi yakalainika, nikawa na nyuma ninayoijua. Mbele pia niliijua, kwani wavu ni mweusi na nyeusi ni sifuri. Katika zile namba 7 ikabaki moja tu: nikigawanya picha ya wavu kwa picha ya ziwa tupu, kinachopungua kufika 1 ndicho alfa. Juu ya maji angavu nyuzi zilijitokeza moja moja, hata fundo.

Juu ya magugu hesabu ilikataa, maana kugawanya giza kwa giza huzaa chenga tupu. Hapo niliacha kupigana. Sehemu ile ya chini niliibakiza kama ilivyorekodiwa, nikapunguza ukijani wake hadi ukawa kijivu, kisha nyuma yake nikaweka mawe ya granaiti yenye kivuli, ya giza lile lile la magugu, nikichanganya kingo zake taratibu. Mawe tunayo tele, hakuna Msukuma atakayeshangaa kuyaona ziwani. Uzi mweusi mbele ya jiwe jeusi ukikosewa kidogo hauonekani, jambo ambalo nisingelipata kama ningeweka maji ya bluu walivyotaka. Matone niliyatoa kando, kwa sababu yanang'aa badala ya kufunika, nikayaongeza juu ya picha kama mwanga.

Mwenyekiti aliitazama mara mbili, akauliza mawe yale ni ya wapi. Nilimwambia ni ya Igombe hapo hapo, hatua chache kulia kwa kamera, na ndivyo ilivyokuwa.