Nilivyojifunza upya kusoma habari za vita na siasa

Kuvunjika moyo na siasa huanza kwa hasira dhidi ya mwanasiasa mmoja au kituo kimoja cha televisheni, kisha husambaa mpaka mtu anasema wote ni waongo na hakuna cha kuamini. Hapo ndipo pabaya zaidi. Anayeamini kwamba wote ni waongo hana tena kipimo cha kumtofautisha anayekosea akajisahihisha na anayedanganya kwa makusudi, na huyo wa pili ndiye anayefaidika. Mimi nimetoka huko kwa kubadili namna ya kusoma, na ninayoyaeleza hapa ndiyo ninayoyafanya mpaka leo.

Nilianza kwa kupunguza kasi. Arifa zote za programu za habari nimezifunga, na kwenye mitandao ya kijamii nimezima video zinazojicheza zenyewe. Utaratibu huo hukaa kwenye mipangilio, mara nyingi chini ya matumizi ya data. Nasoma mara moja kwa siku, mchana, kamwe si kitandani. Matangazo ya vita ya moja kwa moja siyaangalii kabisa. Kituo kinachotangaza saa 24 kina muda mwingi wa kujaza kuliko taarifa kilizo nazo, kwa hiyo huwaita wachambuzi wakisie, na kesho yake mtazamaji hakumbuki lipi lilitokea na lipi lilikisiwa.

Nikishaifungua habari, naisoma kutoka chini kwenda juu. Waandishi hufundishwa kuweka jambo zito kwenye aya ya kwanza na mengine kufuata kwa kadiri ya uzito, hivyo maneno kama "madai haya hayajathibitishwa na chanzo huru" huangukia aya ya nane au ya tisa, ambako wasomaji wengi hawafiki. Kisha napitia sentensi moja moja na kuuliza: mwandishi aliona, aliambiwa, au anahitimisha? "Mwandishi wetu ameona magari matatu yameungua" ni habari ya aliyekuwepo. "Msemaji wa jeshi amesema magari 30 yameteketezwa" inathibitisha jambo moja tu, kwamba msemaji amesema. Na kichwa kinachotaja waliouawa bila kumtaja aliyeua nakitafutia mtendaji ndani ya habari. Asipopatikana mpaka mwisho, nasubiri.

Jambo jingine linalopotosha ni wingi. Gazeti la kumi likiandika jambo lile lile, mtu hudhani lina mashahidi kumi. Tazama mstari wa kwanza au wa mwisho wa habari: mara nyingi utakuta Reuters, AP au AFP. Mashirika haya huuza taarifa kwa vyombo vya dunia nzima, na taarifa moja ya mtu mmoja aliye uwanjani hutokea kwenye kurasa mia kwa vichwa tofauti. Mimi nahesabu vyanzo vya mwanzo, na vyombo vilivyonukuu siviingizi kwenye hesabu.

Kwa nini nasisitiza kusubiri? Tukio la Ghuba ya Tonkin linaeleza vizuri. Tarehe 2 Agosti 1964 boti za Vietnam ya Kaskazini zilipambana kweli na meli ya kivita ya Marekani, Maddox. Tarehe 4 Agosti ikatangazwa kwamba zimeshambulia tena. Shambulio hilo la pili halikutokea. Saa chache baada ya taarifa za awali, kamanda aliyekuwa ndani ya Maddox alituma ujumbe akieleza kwamba ripoti nyingi zilikuwa za kutiliwa shaka, kwamba huenda hali ya hewa iliichanganya rada na mabaharia wa sona, kifaa cha kusikiliza chini ya maji, walikuwa na pupa, akapendekeza jambo lichunguzwe kikamilifu kabla ya hatua nyingine. Tarehe 7 Agosti Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kumruhusu Rais Johnson kutumia nguvu kwa kura 416 kwa 0, na Seneti kwa 88 kwa 2. Mwaka 2005 Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, lilitoa hadharani uchambuzi wa mwanahistoria wake mwenyewe ulioonyesha kwamba shambulio la tarehe 4 halikuwepo. Shaka ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ila ilikuwa kwenye ujumbe wa siri, na uhakika ulikuwa kwenye televisheni.

Kwa sababu hiyo naweka daftari. Ukurasa una safu sita: tarehe, dai, aliyelitoa, angelijuaje, nini kingelithibitisha au kulivunja, na tarehe ya kurudi kulitazama. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. Msemaji aliye mji mkuu, kilomita mamia kutoka mapigano, anajuaje idadi ya maadui waliokufa upande wa pili wa mto? Tarehe za kurudi naweka tatu: siku ya tatu, mwezi mmoja, mwaka mmoja. Siku ya tatu huondoa uvumi. Mwezi huleta masahihisho ya wahariri. Mwaka huleta ripoti za wachunguzi, na wakati mwingine kesi mahakamani.

Chukua askari wa Ukraine wa Kisiwa cha Nyoka. Februari 2022, siku ya kwanza ya uvamizi wa Urusi, ilitangazwa kwamba wameuawa wote, na Rais Zelensky akaahidi kuwatunuku heshima. Siku chache baadaye jeshi la majini la Ukraine lenyewe likasema wako hai, wametekwa. Aliyeandika "imedaiwa" kwenye daftari alisahihisha mstari mmoja. Aliyelia na kuisambaza ile ya kwanza, akaja kusikia ya pili, ndiye anayeapa kwamba hataamini tena chochote.

Dai la mwaka 1990 kuhusu watoto wa Kuwait ni zito zaidi. Tarehe 10 Oktoba msichana wa miaka 15, aliyetajwa kwa jina la kwanza tu, aliwaambia wabunge wa Marekani kwamba aliona askari wa Iraq wakiwatoa watoto njiti kwenye mashine hospitalini na kuwaacha wafe sakafuni. Wanasiasa walilirudia mara nyingi kabla ya vita, na shirika la haki za binadamu la Amnesty International nalo lililichapisha Desemba, kisha likaliondoa 1991. Januari 1992 umma ukajua kwamba msichana yule alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba ushahidi wake uliandaliwa na kampuni ya mahusiano ya umma, Hill & Knowlton, iliyokuwa ikilipwa kwa fedha ambazo sehemu kubwa zilitoka kwa serikali ya Kuwait. Maswali mawili tu, nani anasema na nani kamleta, yangetosha kulishikilia dai hilo pembeni. Lakini angalia na upande wa pili: jeshi la Iraq lilitesa na kuua watu kweli nchini Kuwait. Dai moja likianguka, mengine hayaanguki nalo; kila moja lina mstari wake.

Picha zinahitaji kazi ya mikono. Video ikinifikia kwenye kundi la WhatsApp, naisimamisha mahali penye jengo, mnara, kibao cha barabarani au namba ya gari, napiga picha ya skrini tatu au nne za sehemu tofauti, kisha nazitafuta kwa zana za kutafuta picha mtandaoni: Google Lens, Yandex na TinEye. TinEye ina njia ya kupanga matokeo kuanzia ya zamani kabisa, na hapo ndipo video ya "jana usiku" hujitokeza kuwa ya miaka mitano nyuma, nchi nyingine. Kwa video ndefu, programu ya InVID-WeVerify huikata yenyewe kuwa picha tuli za sehemu zake kuu. Baada ya hapo natazama vivuli, mavazi na majani ya miti: vinalingana na saa na msimu unaodaiwa?

Kuna mahali pa kuteleza. Kukosa matokeo hakumaanishi video ni mpya. Huenda imegeuzwa kushoto kulia au imekatwa pembeni, basi igeuze na utafute tena. Usihangaike na tarehe iliyofichwa ndani ya faili la WhatsApp, kwani programu hiyo huifuta taarifa hiyo inapobana picha. Video za usiku zenye miali ya risasi angani nazitilia shaka zaidi, maana nyingi zimetoka kwenye mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3. Watengenezaji wake, Bohemia Interactive, walilazimika kutoa taarifa Novemba 2022 kueleza namna ya kuzitambua. Watu wanaotembea kwa kawaida hawaonekani, kamera hutikisika, na picha huwa hafifu kwa makusudi.

Picha ya kweli nayo hupotosha kwa jinsi ilivyokatwa. Sanamu ya Saddam Hussein iliyoangushwa Bagdad tarehe 9 Aprili 2003 ilionekana kwenye televisheni imezungukwa na umati. Picha zilizopigwa kutoka juu zinaonyesha uwanja wa Firdos ulikuwa na nafasi kubwa tupu, watu wamekusanyika sehemu moja, na gari la kijeshi la wanamaji wa Marekani ndilo lililoivuta sanamu. Kamera zilikuwa hapo kwa sababu hoteli ya Palestine, walikokaa waandishi wengi wa kigeni, iko kando ya uwanja. Siku moja kabla, kombora la kifaru cha Marekani liliipiga hoteli hiyo na kuwaua wapiga picha wawili, mmoja wa Reuters na mmoja wa televisheni ya Hispania. Nalikumbuka hilo kila ninaposikia mtu akisema waandishi wote wamenunuliwa.

Kwa matukio makubwa natumia picha za setilaiti za bure kupitia tovuti ya Copernicus Browser. Setilaiti za Sentinel-2 hupita juu ya eneo lile lile takribani kila siku tano, na nukta moja ya picha zake ni mita 10 kwa 10. Hutaona mtu wala gari. Utaona ghala kubwa lililoungua au kijiji kilichogeuka kutoka rangi ya mabati kuwa rangi ya majivu. Mawingu hufunika, kwa hiyo linganisha tarehe kadhaa. Ramani ya FIRMS ya NASA huonyesha joto la moto, lakini mkulima anayechoma shamba huonekana hapo sawasawa na mlipuko.

Idadi ya waliokufa ndiyo inayowavunja moyo wengi, kwa sababu namba hazifanani na mtu hudhani mmoja anadanganya. Uliza kwanza namba imepatikanaje. Mwaka 2006 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa kaya uliokadiria vifo 654,965 vya ziada nchini Iraq tangu uvamizi, yaani vilivyozidi ambavyo vingetokea bila vita, kati ya 392,979 na 942,636. Iraq Body Count, inayohesabu vifo vya raia vilivyoripotiwa kimoja kimoja, ilikuwa na chini ya 50,000. Ya pili huhesabu raia waliofia mahali penye mtu wa kuripoti, hivyo huwa chini ya ukweli. Ya kwanza hukisia wote kutoka kwa sampuli, na sampuli ikiwa na kasoro kosa huzidishwa. Watafiti wengi waliupinga utafiti ule kwa hoja hiyo. Naandika namba pamoja na njia yake, au siiandiki.

Ukimya nao nauwekea mstari. Vita vya Tigray, Ethiopia, vilipoanza Novemba 2020, simu na intaneti vilikatwa na waandishi wakazuiwa, hivyo mauaji yalijulikana baada ya wiki na miezi. Kila Jumapili natafuta vita ambavyo sikuvisoma wiki nzima, Sudan kwa mfano, na kusoma ripoti moja ndefu ya Umoja wa Mataifa.

Vyombo vya habari navyo nimeacha kuvipima kwa jumla. Kabla ya vita vya Iraq, Jonathan Landay na Warren Strobel, waandishi wa kampuni ya magazeti ya Marekani ya Knight Ridder, waliandika mara kwa mara kwamba ushahidi wa silaha za maangamizi zilizodaiwa kuwa nchini humo ulikuwa dhaifu, wakiwatumia maofisa wa ngazi za chini walioshughulika na nyaraka zenyewe. New York Times ilikuja kukiri kasoro zake kwa wasomaji tarehe 26 Mei 2004. Kabla ya kuliamini gazeti sasa nafungua ukurasa wake wa masahihisho. Lisilo nao, au lenye masahihisho ya tahajia za majina peke yake, nalisoma kwa tahadhari zaidi.

Kwa siasa za nyumbani, hotuba nimeziacha na kushika bajeti. Nachagua jambo moja, tuseme maji, na kulifuatilia miaka mitatu. Natafuta namba tatu za kila mwaka: fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa na hazina, na zilizotumika. Ya kwanza ndiyo inayotangazwa kwenye mikutano. Ya pili hujitokeza kwenye taarifa za robo mwaka, na mara nyingi iko chini sana. Ya tatu iko kwenye ripoti ya mkaguzi mkuu, ambayo huchelewa miezi mingi, na bajeti ya nyongeza katikati ya mwaka huweza kuibadilisha ya kwanza bila kelele. Anzia kwenye viambatisho vya ripoti, kwa sababu muhtasari hujumlisha wizara nzima, na mradi mmoja uliokwama hauonekani humo.