Nimemaliza masta, nikaanza kujifunza kutulia

Watu wengi wakimaliza masta wanaongelea ajira, mimi leo naongelea kutulia, maana hilo ndo lilinisumbua kuliko hata chapta ya nne ya disatesheni. Nilibaindi kazi yangu, nikakabidhi kopi, nikafungasha virago nikarudi kwetu Tanga, kwa shangazi Ngamiani, nikijua sasa nalala mpaka saa nne. Wapi! Saa kumi na moja alfajiri macho hayo, moyo unaenda mbio, natafuta simu niangalie kama suparvaiza kajibu imeili, wakati suparvaiza mwenyewe alishanipa hongera zamani na kazi iko laibrari. Nikikaa barazani nahisi kuna kitu nadaiwa. Nikiangalia mpira nafsi inaniambia hapo ungeshaandika paragrafu mbili. Nikawauliza wenzangu niliosoma nao, kumbe kila mtu na lake, mmoja anasema mpaka leo akiona meza tupu mkono unatafuta laptopu.

Halafu kuna ile presha ya mtaani, "umemaliza, sasa kazi lini?", na hapo huna jibu unabaki kucheka cheka tu. Hilo nikalitafutia utaratibu: maombi ya kazi natuma Jumatatu na Alhamisi asubuhi, basi. Jioni nafundisha tuisheni ya hesabu watoto wa fomu foo wa pale mtaani, hela ndogo lakini vocha na unga haikosi. Nje ya hapo laptopu imefungwa iko juu ya kabati. Ilinisaidia, kwa sababu hofu ikinijia Jumamosi naiambia subiri Jumatatu, na kweli mara nyingi Jumatatu ikifika haipo tena. Ila kutenga muda siyo mwisho wa mambo, huo muda ukiuacha wazi simu inaujaza wote, unakuja kushtuka adhuhuri inaadhiniwa hujafanya kitu na hujapumzika.

Aliyenitoa hapo ni shangazi, na wala hakukusudia.

Shangazi anauza mbaazi na mandazi asubuhi. Mbaazi analoweka usiku, alfajiri zinachemka kwenye mkaa huku yeye anakata mandazi. Siku hiyo kanikuta nimekaa kwenye ngazi na simu yangu, taa inanimulika usoni, akasema, "Mwanangu, kama usingizi umekukimbia njoo ukune nazi, mie mgongo hauniachi." Nikakaa kwenye mbuzi. Kukuna nazi nilikuwa nakujua tangu utoto lakini kule kwa haraka haraka, shangazi hataki haraka, anasema ukikandamiza unafika kwenye kifuu na tui linatoka na weusi, sasa wateja wake wa miaka yote watasema nini. Unakuna taratibu, unazungusha, unasikiliza, sauti ikibadilika ujue umekaribia kifuu, unahamia pembeni.

Ukimaliza unatia maji kidogo unakamua, hilo tui zito unaliweka kando. Unaongeza maji unakamua tena, hilo jepesi ndo linaingia na mbaazi, na kitunguu, na chumvi, na pilipili nzima isiyopasuliwa. Zito linakuja mwisho kabisa moto ukiwa umepunguzwa, na hapo rafiki yangu huondoki. Unachota na upawa unamimina, unachota unamimina, mpaka lichemke na lishikane na mbaazi, ukizubaa kidogo tu tui linakatika, biashara ya asubuhi ndo basi tena. Simu ikiita itaita. Vidole vyenyewe vimejaa mafuta ya nazi, hata ukitaka kuishika haikuelewi. Siku ya kwanza nilipoinua kichwa kulikuwa kumeshapambazuka na mteja wa kwanza kaja na bakuli lake, na sikuwa nimewaza disatesheni hata chembe.

Kwa hiyo mimi siku hizi mtu akiniambia "pumzika bwana" namuelewa nia yake ila naona ushauri haujakamilika. Kichwa kilichotoka kusoma miaka miwili kimezoea kushika kitu, ukikinyang'anya kila kitu kwa mpigo kinaanza kujitafuna chenyewe. Kipe kitu kingine kishike, kitu chepesi, chenye mwendo wake ambao wewe huwezi kuuharakisha. Zile app za kuvuta pumzi na kuachia sina ugomvi nazo, wanaosaidika wasaidike, mimi zinanipa alama na grafu na grafu nimeshaziona za kutosha.

Kitu cha pili kilikuwa bahari. Nachukua baiskeli, maana Tanga baiskeli siyo ufukara, ni usafiri wa kila mtu, mpaka mwalimu mkuu yumo, na njia ni tambarare, unapita Bombo kwenye miti mikubwa huku unapulizwa na upepo mpaka Raskazone. Nikataka niwe naogelea kila siku saa kumi jioni kabla ya tuisheni. Sasa bahari ina ratiba yake. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanajaa alasiri hiyo hiyo na unaogelea raha mustarehe, lakini kila siku yanachelewa kama dakika 50, baada ya wiki hiyo saa kumi yako unakuta yamekupwa, mbele yako matope na mawe, na kina mama wanatafuta pweza kule mbali. Mwanzoni ilinikera. Baadaye nikaacha kupanga, nikawa naangalia mwezi usiku au namuuliza mvuvi yeyote pale, kama maji hayapo nakaa ukutani nakula muhogo wa kuchoma na chachandu naangalia meli zinaingia bandarini, na hiyo nayo ni jioni.

Usiku ni kijiweni. Baada ya Isha kuna baraza la kahawa karibu na kwetu, muuzaji ana mabuli yake juu ya mkaa, kikombe ni kile kidogo kisicho na mkono, kahawa chungu kweli kweli, unaisindikiza na kashata ya nazi. Na bao. Bao la Kiswahili kila mtu ana kete 32, 10 ziko ubaoni mwanzoni, 22 mkononi, unanamua, yaani unaziingiza ubaoni moja moja, mpaka ziishe ndo mnaingia mtaji, hatua ya pili ya mchezo. Wazee wale wanapiga hesabu ya mizunguko yote kwa macho, mkono haujagusa kete. Masta yangu mimi ni ya takwimu. Walipolijua hilo sina hali, kila nikifungwa mzee mmoja anasema, "Mpeni peni na karatasi msomi akachambue data," baraza zima linalala kwa kicheko. Nikijaribu kuhesabu kwa kidole naambiwa, "Hapana baba, kete haisontwi." Nafungwa karibu kila usiku na narudi nyumbani nimefurahi, kitu ambacho chuoni sikukiweza kabisa, kule koreksheni tatu tu zilikuwa zinaniharibia wiki nzima.

Halafu stori. Kuna mzee anasimulia Coastal Union, timu yetu ya mpira ya hapa Tanga, ilivyochukua ubingwa wa ligi 1988, anasimulia kila siku, na kila siku goli ni lile lile ila pasi zinaongezeka. Hakuna anayemkatisha wala kumuuliza chanzo. Nilikaa muda mrefu nikisoma vitu ambavyo kila sentensi inataka ushahidi mbele yake, sasa kumsikiliza mtu anayeongeza pasi bila hofu ni raha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Hofu haijaisha, nisidanganye watu. Kuna alfajiri bado naamka nimeshtuka, tofauti ni kwamba sasa nikishtuka kuna nazi inanisubiri. Usingizi umerudi kiasi, na nimeanza kusoma riwaya bila kalamu mkononi, ingawa juzi nilijikamata natafuta hailaita nichore mstari kwenye maneno ya mtu mlevi.

Wiki ijayo nimeitwa intavyuu Dodoma. Shangazi amefurahi ila ameshaanza kunisema kwamba namuachia mbuzi na mgongo wake, nimemwambia nikipata kazi mshahara wa kwanza namtafutia binti wa kumsaidia. Bahari najua kule hamna. Kijiwe cha kahawa hakikosekani mji wowote, na wazee wameniambia nikifika nitafute wanapocheza bao, ila nisiwaambie nimesoma nini.